Kibubu cha Shule Chamfundisha Mtoto Nini?

Siku hizi twasikia maneno mengi juu ya kuwafundisha watoto wa shule za msingi mambo ya fedha. Wenye mabenki wasema hayo, wenye kupanga mafundisho ya shule wasema hayo, na wazazi nao, hasa wale walioumia kwa madeni, hulalamika wakisema, "Laiti sisi tungalifundishwa tulipokuwa wadogo!" Sina nia ya kuwapinga. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na miaka yangu ya kushika chaki si michache. Naamini kwamba mtoto asiyefundishwa fedha shuleni atakuja kufundishwa na dunia, na dunia ni mwalimu mkali asiyetoa nafasi ya masahihisho.

Lakini jambo likisifiwa na watu wote, ndipo hasa lifaapo kupimwa. Kwa hiyo nataka kukipima chombo kimoja kitumikacho sana katika mafundisho hayo, yaani kibubu cha shule: lile sanduku ambamo watoto hutia senti zao kila juma mbele ya mwalimu, zikaandikwa katika daftari, na mwisho wa muhula wakarudishiwa. Nitakipima kama mtu apimavyo kitabu: kimetoka wapi, kina wema gani, kimepungukiwa na nini, na kitengenezwe namna gani. Nami naomba radhi mapema, maana mwishoni itanipasa kusema neno juu ya nafsi yangu mwenyewe.

Asili yake

Kibubu cha shule si kitu kipya. Mwaka 1866, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, mwalimu wa sheria aliyeitwa François Laurent alianza kuwahimiza waalimu wa shule za mji ule wapokee senti za watoto na kuwawekea akiba. Ghent ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na watu wake wengi walikuwa wafanya kazi waliopokea mshahara na kuumaliza. Laurent aliona kwamba mtu mzima aliyekwisha zoea kutumia hafundishiki kwa urahisi, bali mtoto aweza kuzoeshwa. Mwaka 1885 Mbelgiji mwingine aliyehamia Marekani, John Henry Thiry, aliipeleka desturi hiyo katika shule za Long Island City, karibu na New York. Australia nayo ilikuwa na benki ya shule iliyoanzishwa na benki kubwa ya nchi ile mwaka 1931.

Katika siku zetu chombo hiki kimefufuliwa na chama kiitwacho Aflatoun. Mbegu yake ilipandwa na bibi mmoja wa Uhindi, Jeroo Billimoria, aliyekuwa akishughulika na watoto wa mitaani, na tangu 2005 makao yake yako Amsterdam. Msomaji ajuaye Kiarabu atalitambua jina hilo mara moja, maana Aflatuni ndilo jina la Plato, yule mwenye hekima wa Wayunani. Mafundisho ya chama hicho huunganisha mambo mawili: mtoto afundishwe kuweka na kutumia fedha, na pamoja na hayo afundishwe kujijua, kuzijua haki zake na wajibu wake kwa wenzake. Tulishike jambo hilo la kuunganisha, maana tutalirudia.

Wema wake

Haki ni haki, hata kwa mtu umkosoaye. Kibubu kina wema tatu, nami nimeziona kwa macho yangu.

Kwanza, kinaitia hesabu uhai. Mtoto aliyeshindwa kujumlisha mia na mia mbili na hamsini katika kitabu, hujumlisha vema sana zikiwa zake. Nimewahi kusahihishwa na mtoto wa darasa la tatu kwamba nimemwandikia pungufu, naye alikuwa na haki.

Pili, kinamfundisha kungoja. Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba, lakini mithali haiingii moyoni mpaka mtu akione kibaba chenyewe kikijaa. Mtoto aliyeacha maandazi ya Ijumaa sita na mwisho wake akanunua kalamu za rangi, amejifunza kwa tumbo lake mambo ambayo mimi nisingaliweza kumfundisha kwa kinywa.

Tatu, kinamfanya mtoto awe na jina katika daftari. Katika nyumba nyingi fedha ni jambo la wakubwa, na mtoto hutumwa dukani kama mkono tu usio na kichwa. Katika daftari la shule yeye ni mwenye mali, hata kama mali yenyewe ni shilingi mia tatu.

Basi sisemi kibubu kivunjwe. Nasema kwamba tumekipa kazi kubwa kuliko nguvu zake, tena tumekaa kimya juu ya mambo matatu ambayo kikiachwa bila kusimamiwa hufundisha vibaya.

Kosa la kwanza: senti ya mtoto yatoka wapi?

Anayesema, "Mtoto, weka akiba," amekwisha kudhani kwamba mtoto ana kitu. Lakini mtoto wa shule ya msingi hana mshahara. Senti yake ama amepewa na mzazi kwa ajili ya chakula, ama ameipata kwa kuuza karanga, ubuyu au barafu, ama ameichukua mahali. Kibubu hakiulizi. Kila senti iingiayo yasifiwa sawasawa.

Nchini Ghana wataalamu walilipima jambo hili kwa uangalifu katika shule 135. Shule nyingine zilifundishwa fedha pamoja na mambo ya maisha ya jamii, nyingine zilifundishwa fedha peke yake, nyingine hazikufundishwa lo lote ili ziwe kipimo. Watoto wa shule zilizofundishwa walipewa sanduku la mbao la kuwekea akiba. Baada ya miezi tisa waliangalia matunda yake. Akiba ya shuleni iliongezeka, ni kweli. Lakini sababu yake kubwa ni kwamba watoto walihamisha shuleni senti walizokuwa wakiziweka nyumbani. Fedha ilibadili nyumba tu. Mambo mengine hayakubadilika sana. Tena, wale waliofundishwa fedha peke yake walionekana kufanya kazi za kuchuma kuliko wale ambao hawakufundishwa, ambapo kwa wale waliofundishwa yote mawili jambo hilo halikuonekana. Wapimaji wenyewe wameonya kwamba tofauti baina ya makundi hayo mawili ni ndogo mno kuweza kuaminiwa sana, na matokeo yao yalichapwa 2018 pamoja na onyo hilo. Mimi nami nalichukua kwa kiasi hicho hicho. Lakini mwalimu aliyewahi kumwona mtoto akisinzia darasani kwa sababu usiku aliuza mayai stendi hahitaji takwimu kubwa ili ashtuke. Ukimsifu mtoto kwa kuleta senti nyingi, bila kumwuliza amezipataje, umemwambia kwamba kuchuma ni bora kuliko kusoma; na mtoto ni mwepisi wa kuyasikia mambo tusiyoyasema.

Kosa la pili: amana

Kibubu ni amana. Mtoto akikutilia shilingi mia mkononi, hajakupa mia tu. Amekupa imani yake. Basi somo la kwanza ambalo kibubu hufundisha si akiba bali ni hili: je, mkubwa akishika mali ya mdogo, huirudisha?

Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, tulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Kila Ijumaa watoto walileta, mwalimu aliyewekwa akaandika. Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la tano, aliyelelewa na bibi yake mwuza vitumbua. Bibi alimpa shilingi mia kila siku aliyomsaidia kuosha vyombo alfajiri, naye alikuwa akileta mia mbili au tatu kila juma, bila kukosa. Alikuwa akitaka viatu. Ilipofika katikati ya muhula wa pili alikuwa na shilingi 4,300, akiba kubwa kuliko zote za darasa lake.

Wakati huo shule ilipata shida. Wageni walikuwa wakija kuikagua, na fedha ya matumizi ilikuwa imechelewa. Mwalimu Mkuu alilifungua sanduku akachukua zilizokuwamo, akasema, "Nakopa tu, ndugu mwalimu, fedha ya shule ikija zitarudi." Hakuwa mwizi. Alinunua chaki, rangi ya ukuta na chakula cha wageni. Lakini mwisho wa muhula ulifika na fedha haikurudi, na watoto wakaambiwa wangoje. Muhula wa tatu ukaanza, wakaambiwa wangoje. Nilimwuliza yule msichana kwa nini haleti tena siku ya Ijumaa. Akainama, kama watoto wanavyosema na wakubwa, akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kibubu cha nyumbani hakikopeshi."

Neno hilo limekaa nami. Mtoto yule alikuwa amejifunza somo la fedha, tena kwa usahihi kamili, lakini si lile tulilomkusudia. Nani atamlaumu akija kuwa mtu mzima asiyeamini benki wala ushirika wala serikali, akafukia fedha yake chini ya kitanda mpaka ikaliwa na mchwa?

Nchini Uganda jambo la amana lilipimwa kwa njia nzuri sana. Dean Karlan na Leigh Linden, wataalamu wa uchumi kutoka Marekani, walishughulika na shule za msingi 136, wakachapa habari zao 2014. Katika shule nyingine watoto walifungwa: akiba yao ililipwa mwisho wa muhula kwa hati za kununulia vifaa vya shule tu. Katika shule nyingine walihimizwa kununua vifaa, lakini walirudishiwa fedha taslimu mikononi mwao, na soko dogo likawekwa pale shuleni ili atakaye anunue. Sisi waalimu wengi tungalitabiri kwamba kufunga ni bora, maana mtoto ni mtoto. Ikawa kinyume. Wale waliorudishiwa fedha mkononi ndio walioweka zaidi. Tena, pale ambapo wazazi nao waliitwa wakaelezwa, vifaa vya shule vilinunuliwa zaidi na alama za mitihani zikapanda kidogo. Pale walipofungwa kwa hati, faida hiyo haikuonekana.

Mimi nafahamu hivi: mtoto, kama mtu mzima, huweka zaidi mahali anapojua kwamba aweza kutoa. Kufuli kubwa mno humwambia kwamba mali si yake tena. Na mzazi asiyejua habari za kibubu ataiona senti ya mwanawe kama senti iliyopotea njiani. Bali akiitwa akaelezwa, huwa mlinzi wa pili.

Kosa la tatu: ni nani anayefaidika?

Huko Australia benki iliwaletea watoto vitabu vya akiba, na picha za wanyama wa ajabu, na zawadi ndogo ndogo. Na shule zililipwa ada kwa kazi ya kupokea. Wazazi wengi waliona ni wema mtupu. Desemba 2020 idara ya serikali isimamiayo mambo ya fedha ilitoa taarifa iliyosema kwa ufupi mambo haya: wenye mabenki hawakuweza kuonyesha kwamba mpango wao wenyewe ndio uliowafanya watoto wawe waweka akiba bora, hawakueleza wazi kwamba shabaha yao mojawapo ilikuwa kupata wateja, watoto wadogo ni wepesi kuvutwa na matangazo yaliyotungwa kwa ufundi, na malipo kwa shule huzipa shule sababu ya kuwahimiza watoto. Kabla hata ya taarifa hiyo kutoka, jimbo la Victoria lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba tangu 2021 mipango ya namna hiyo isiwepo katika shule zake.

Jambo hili latuhusu, maana hapa kwetu nako benki zina akaunti za watoto, na wajumbe wao hufika shuleni na madaftari yenye picha. Siwazuii. Mwenye duka hakosei kutafuta wanunuzi, maana biashara haigombi. Lakini mwenye duka si mwalimu wa hesabu. Akija darasani, somo la kwanza la fedha ambalo watoto wafaa kufundishwa ni kuuliza, "Bwana huyu anapata nini?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni mlango wa elimu yote ya fedha, na mtoto aliyelizoea akiwa na miaka kumi hatauziwa mbuzi ndani ya gunia akiwa na miaka thelathini.

Vitabu vyetu vya hesabu

Sasa niseme juu ya kitabu kiendacho pamoja na kibubu. Tazama maswali tuwapayo watoto. "Juma alikuwa na shilingi 1,000. Alinunua madaftari mawili kwa shilingi 700. Alibakiwa na shilingi ngapi?" Juma huyu ni mtu wa ajabu. Hapatani bei. Hapunjwi chenji. Hana mdogo wake anayelia njaa. Hakopi, wala hakopwi. Bei za dukani kwake hazipandi tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Na kama fedha haimtoshi, kitabu hakimwulizi swali hilo. Watoto wetu wanaijua dunia kuliko Juma, ndiyo maana hawamsadiki.

Vitabu hivi, pamoja na kibubu, vina wazo moja lililojificha: kwamba maskini ni maskini kwa kuwa hakuweka akiba. Hebu tulipime kwa hesabu ya darasa la tano. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000, na dukani hupimwa pia katika vifuko vidogo vya shilingi 200, vifuko ishirini kwa kilo. Anunuaye kwa vifuko atalipa 4,000. Kwa nini basi mama ananunua vifuko? Je, hajui hesabu? Anajua sana. Ananunua kwa 200 kwa sababu leo mkononi ana 200, na uji wa asubuhi haungoji 3,000. Mtoto akiifanya hesabu hii atajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba kununua kidogo kidogo ni ghali, na kwamba mama yake si mjinga. Tena ataweza kufikiri dawa yake: majirani watano wakichanga 600 kila mmoja wananunua kilo kwa bei ya kilo. Hiyo ni elimu ya fedha, wala haina sanduku.

Na deni je? Tumewaficha watoto habari za deni kana kwamba ni matusi. Lakini deni limeingia katika kila nyumba yenye simu. Mwaka 2007 nchini Kenya ilianzishwa M-Pesa, watu wakaanza kupelekeana fedha kwa simu. Na 2012 ikafuata M-Shwari, ambayo mtu aliweza kuweka akiba na kukopa kwa simu hiyo hiyo. Ada ya mkopo ule ilipoanza ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Mpe mtoto wa darasa la saba hesabu hii: mtu amekopa shilingi 1,000, akalipa 1,075 baada ya siku 30, mara akakopa tena 1,000, akalipa vivyo hivyo, mpaka mara kumi na mbili. Amelipa ada kiasi gani? Mtoto atazidisha 75 kwa 12, atapata 900. Mtu yule hakuwahi kuwa na zaidi ya shilingi 1,000 za watu mkononi mwake, naye kwa karibu mwaka mzima amezilipia 900. Sikuona darasa lililokaa kimya baada ya kupata jibu hilo. Kila mara huzuka maneno. Mmoja atasema ni dhuluma, mwingine atasema lakini mjomba alipougua mkopo ule ndio uliompeleka hospitali. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo mwalimu anapopata kazi yake. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hawakusema mtu asikope kamwe. Walisema ajue kwamba siku ya kulipa itafika.

Wapingao

Najua watakaopinga. Wako wasemao kwamba mtoto mdogo asitiwe mawazo ya fedha, asije akawa mwenye tamaa. Kwao nasema kwamba mtoto anayetumwa dukani amekwisha kutiwa mawazo hayo. Lililobaki ni kama atayapata kwa mwalimu au kwa tangazo la kamari. Wako tena wasemao kwamba mafundisho haya hayana faida. Nao wana ushahidi: mwaka 2014 Fernandes, Lynch na Netemeyer walikusanya habari za uchunguzi 201, wakaona kwamba mafundisho ya fedha yalieleza sehemu ndogo mno ya jinsi watu wanavyotenda, na kwamba hata mafundisho ya saa nyingi huchakaa kadiri miezi inavyopita. Lakini mwaka 2022 Kaiser na wenzake walikusanya majaribio 76 yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi, wakaona kwamba kwa wastani mafundisho huongeza maarifa na hata kubadili matendo. Mwenye hekima hatachukua moja na kuficha la pili. Mimi najifunza katika yote mawili: somo la fedha hudumu likifundishwa karibu na matumizi yake, nalo hufa likifundishwa mbali. Mfundishe mtoto habari za riba ya nyumba akiwa na miaka tisa, atasahau. Mfundishe kuhesabu chenji, kusoma stakabadhi, kulinganisha bei ya kopo na ya kilo, kujua ahadi ya mkopo, naye atayatumia jioni hiyo hiyo.

Kifanywe nini?

Sitaki niwe mkosoaji abomoaye nyumba akaenda zake. Nashauri mambo manne tu, yaliyo mepesi.

Kwanza, daftari kabla ya sanduku. Wahenga wasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto aanze kwa kuandika kilichoingia na kilichotoka katika mkono wake kwa juma moja, hata kama ni shilingi hamsini. Anayejua kuandika matumizi ataweka akiba siku akipata. Bali anayeweka asijue kuandika ataibiwa.

Pili, ufunguo uwe na watoto pia. Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na mmoja kwa wanafunzi wawili waliochaguliwa na darasa, na daftari lisomwe kwa sauti kila Ijumaa. Mtoto atakaye kutoa atoe, bila kuaibishwa.

Tatu, wazazi waitwe. Wengi wao ni wataalamu kuliko sisi. Mama aliyekuwa kijumbe wa upatu kwa miaka kumi, akipokea michango na kugawa zamu bila ugomvi, ana mafundisho ambayo hayamo katika kitabu cho chote cha Amsterdam. Aje darasani aeleze: mtu asipoleta mchango wake wamfanyeje? Zamu ya kwanza apewe nani, na kwa nini?

Nne, tuufufue ushauri wa zamani. Mwaka 1967, katika *Elimu ya Kujitegemea*, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba shule iwe na shamba au kazi ya uzalishaji, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake. Shule nyingi zilishika jembe zikaacha uamuzi: watoto walilima, mahindi yakauzwa, hesabu zikabaki ofisini. Nusu ile iliyoachwa ndiyo tuihitajiyo leo. Darasa likilima tuta moja la mchicha, likanunua mbegu, likauza mafungu, likaona siku mvua ilipokosa kwamba gharama ni kubwa kuliko mapato, litajua maana ya mtaji, faida na hasara bila kukariri.

Neno la mwisho

Nilisema nitaungama. Mwalimu aliyewekwa kuandika daftari la lile sanduku la chuma nilikuwa mimi. Mwalimu Mkuu alipochukua fedha, nilinyamaza. Watoto walipouliza, niliwaambia kwamba fedha zimepelekwa benki. Nilijiambia kwamba ni adabu kumsitiri mkubwa wangu. Kumbe nilikuwa nikiwaibia wadogo.

Yule msichana aliponijibu neno lile juu ya kibubu cha nyumbani, nilikaa siku mbili bila raha. Siku ya tatu nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, nikamwambia kwamba Ijumaa nitalisoma daftari lote mbele ya darasa. Alikasirika, na kwa majuma kadhaa hakunisemesha isipokuwa kwa kazi. Lakini Ijumaa nilisoma. Niliandika ubaoni kilichoingia, kilichokopwa, kilitumika kwa nini, na kwamba niliwadanganya. Watoto hawakupiga kelele. Mmoja aliuliza, "Atalipa lini?" Ndilo swali nililotakiwa kuuliza mimi muhula mzima uliopita.

Mwalimu Mkuu alilipa kwa mafungu matatu, la mwisho likatoka katika mshahara wake mwenyewe, nami namheshimu kwa hilo. Msichana alipokea shilingi zake 4,300, akazihesabu mara mbili mbele yangu, akatia sahihi. Viatu vilikuwa vimepanda bei, akanunua ndala na daftari kubwa. Hakuweka tena kwetu hata alipomaliza darasa la saba. Wenzake waliweka, na tangu siku ile daftari lilisomwa kila Ijumaa, na ufunguo wa pili ulikuwa kwao.

Waalimu wenzangu, kabla ya kuwaambia watoto wafungue vibubu, tuyafungue kwanza madaftari yetu sisi.